Samaki wa Kwenye Boya

Ilemela, Mwanza
9 Mei 2024

Mke wangu Nusrat,

Assalaam alaykum. Usishtuke kuona bahasha. Mumeo hajaoa mke wa pili wala hajaja kudai talaka. Ni kwamba tangu madaktari walipotoboa koo langu, sauti imeondoka na haijasema itarudi lini. Mama yako Fadhila amenipa ubao mdogo wa shule na chaki. Nikitaka chai naandika chai. Nikitaka kulalamika naandika mpaka nafasi inaisha, naye anafuta kabla hajamaliza kusoma. Simu uliyoniachia ni nzuri, lakini herufi zake zinanikimbia machoni kama wadudu wa ziwani. Karatasi inanivumilia. Basi tuandikiane kama watu wa zamani. Fadhila atapeleka barua ofisi ya mizigo ya basi, nawe utaichukua huko Dar.

Kitanda changu wamekisogeza dirishani. Naliona ziwa katikati ya mawe mawili, pana kama kanga iliyoanikwa. Asubuhi hakuna upepo na maji yanakuwa mazito, yanasogea taratibu kama kitu kinachofikiria. Nikiyatazama sana nasinzia, na nikisinzia nayaona yale yale, kwa hiyo siku hizi sijui vizuri ni lini nimelala na ni lini niko macho.

Kwenye kizingiti cha dirisha viko vile vipande vya bluu ulivyokuwa unachezea ukiwa mdogo. Uliwahi kuniuliza kwa nini natunza midoli iliyoharibika. Havijaharibika, ni vichanga. Hivyo ndivyo tulivyoviita kiwandani Igoma, kwa sababu vilitolewa kabla havijatimia. Wakati ule hatukuwa na kompyuta ya kutuonyesha plastiki iliyoyeyuka inavyotembea ndani ya kalibu. Kalibu, lile umbo linaloipa plastiki sura, ni chuma na limefungwa, ndani huoni kitu. Kwa hiyo tulikuwa tunalichungulia kwa ujanja. Unasukuma plastiki kidogo, unasimamisha, unafungua, kinatoka kipande cha ukubwa wa ukucha. Unasukuma zaidi, kinatoka cha ukubwa wa kiganja. Ukivipanga mezani mpaka kile kizima, unaona njia yote iliyopita.

Sasa nisikilize. Nimekuchorea boya, na vipimo vyake nimeviandika pembeni. Linatengenezwa kwa magamba mawili yanayobanwa pamoja. Upande mmoja lina sikio lenye tundu la kupitisha kamba, na usoni lina picha ya sato. Liweke kwenye hiyo programu yako ya kazini, uniambie plastiki inafikaje pale kwenye sikio. Kuna jambo nataka kulijua kabla sijaondoka, na hivi vichanga vimekataa kuniambia.

Mama yako hajambo. Usimsumbue na habari hizi za kiufundi.

Mumeo,
Farouk Mbaruku


Dar es Salaam
21 Mei 2024

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Najua umeitikia kimoyomoyo, kwa hiyo nakudai marahaba ya sauti siku ikirudi.

Kijana wa ofisi ya mizigo aliniuliza ndani ya bahasha kuna nini. Nikamwambia ni barua ya mume wangu. Akauliza ana umri gani huyo mume, nikamwambia miaka themanini na moja. Akanipa pole. Nimeona nikuletee salamu zake.

Mchoro wako umefika salama. Hapa karakana kila mtu amekuja kuutazama. Bosi wangu amesema mtu anayechora hivi kwa mkono unaotetemeka, enzi zake alikuwa hatari. Nimeingiza vipimo vyote kwenye kompyuta na boya lako sasa linazunguka kwenye kioo changu, samaki wake akipita na kurudi kama yuko kwenye bakuli la maji.

Ngoja nikueleze ninachokiona, kwa sababu najua utakipenda. Plastiki inaingia ikiwa nyekundu, maana yake ni ya moto. Inavyotembea inakuwa njano, halafu kijani, na mwisho kabisa bluu, ambako imepoa. Inatembea kama asali. Naweza kuisimamisha popote, hata kabla haijafika robo, kwa hiyo vichanga vyako ninavyo vyote bila kupoteza hata punje. Na kuna kitu wewe hukuweza: naweza kuirudisha nyuma. Nabonyeza, na plastiki inatoka kwenye sikio, inatoka mwilini, inarudi ilikotoka, kalibu linabaki tupu kana kwamba hakijaingia kitu. Nikichoka na kazi huwa nafanya hivyo tu, mbele na nyuma.

Lakini Babu, umechora samaki mpaka magamba yake, hukuchora mlango. Plastiki yako iliingilia wapi? Bila mlango siwezi kukuambia lolote la kweli. Kwa kujaribu nimeuweka katikati, ila najua huo ni mlango wangu, si wako.

Na boya lenyewe ni la nani? Nilipoongea na Mama nikamtajia tu kwamba umenichorea boya. Akasema yeye boya analolijua ni moja tu, lile lililorudi bila baba yake, kisha akaniuliza bei ya mchele huku.

Mkeo wa pekee (nimeuliza, hakuna mwingine aliyejitokeza),
Nusrat


Ilemela
3 Juni 2024

Nusrat,

Leo sitakuita mke wangu. Utani utatusubiri mlangoni.

Umeuliza mlango. Upo mkiani, ukingoni kabisa, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Niliuweka mimi mwenyewe na nilijua ninachofanya.

Umeuliza boya ni la nani. Ni la Yassin, yule kijana wa kwenye picha iliyoko sebuleni, anayecheka akiwa ameshika karabai. Unajua kwamba ndiye babu yako wa damu, na kwamba alizama kabla mama yako hajazaliwa. Unajua kwamba mimi nilikuwa rafiki yake, na kwamba baadaye nilimwoa bibi yako Mboni nikamlea Fadhila kama mwanangu. Kilichobaki hukijui, na mama yako hakijui. Mboni aliondoka bila kukijua, au labda alikijua akaninyamazia. Nitakiandika chote leo, kwa sababu mkono leo unanikubali.

Nilirudi kutoka masomoni Ulaya nikiwa najiona mimi ndiye niliyeleta plastiki Kanda ya Ziwa. Kiwanda kikanipa kalibu la kwanza nilibuni mwenyewe, boya la wavuvi. Sikutaka liwe boya tu. Nilichonga sato usoni kwa mkono wangu, gamba kwa gamba, na watu wa karakana walikuwa wanakuja kumpapasa. Sasa, palipo na mlango hubaki kovu. Plastiki ikikatwa pale ilipoingilia, linabaki doa dogo. Mahali panapofaa kuweka mlango palikuwa kule mbele, karibu na sikio, lakini mbele kulikuwa na kichwa cha samaki wangu. Sikutaka kovu usoni pake. Nikaupeleka mlango mkiani.

Wewe unajua kinachofuata, lakini acha nikiseme. Plastiki inayotembea mbali inapoa usoni na kushika utando, kama uji ulioachwa mezani. Ikifika kwenye tundu la sikio inagawanyika mikono miwili. Kila mkono unazunguka upande wake na inakutana kwenye ncha. Ikikutana ikiwa ya moto, inashikana na kuwa kitu kimoja. Ikikutana imepoa, inagusana tu. Unabaki mshono mwembamba ambao huuoni, ila ukipitisha ukucha unausikia. Na pale kwenye ncha ndipo kamba inapovutia.

Niliuona mshono. Kichanga cha mwisho, kile cha pembeni kabisa ya dirisha, kinaonyesha mikono miwili inayotafutana na bado haijafikiana. Nilipitisha ukucha kwenye boya zima nikausikia. Nikaongeza joto kidogo, nikajiambia patatosha. Kutoboa mlango mwingine kungempitia samaki usoni.

Boya la kwanza nililitoa zawadi. Yassin alikuwa ndio ameoa. Nilimpelekea Kirumba, nikamkabidhi mbele ya Mboni, akalinyanyua juu akasema, "Huyu samaki mzuri kuliko wote niliowahi kuvua, na haliwi." Tulicheka sana.

Yassin na wenzake walipopinduliwa na dhoruba wakitoka kuvua dagaa, hao wenzake waliokolewa na mtumbwi mwingine. Wakasema walimwona akijifunga kamba kiunoni na mwisho wake akaufunga kwenye sikio la boya. Boya lilionekana asubuhi kwenye mawe, huku huku Ilemela. Yeye alionekana siku nyingine, mahali pengine, kamba ikiwa bado kiunoni.

Waliniita mimi kwa sababu ndiye mtaalamu. Sikio lilikuwa limekatika ncha, kingo zimesagwa na mawe. Wazee wa mtaa walisimama wananitazama, na Mboni alikuwa amekaa chini, tumbo lake likionekana. Nikasema ni mwamba uliolivunja. Sikulitazama kwa karibu, Nusrat. Nilifanya makusudi nisilitazame, kwa sababu kulitazama kungenijulisha. Nikalichukua nikasema nalipeleka kiwandani kulichunguza, na kiwandani nikalitia kwenye mashine ya kusaga. Likawa chenga, chenga zikayeyushwa pamoja na nyingine, zikawa ndoo za bluu. Sijui ni nyumba gani ya Mwanza iliyochota maji kwa Yassin. Kwa miaka mingi nilipokuwa nikipita bombani nikaona ndoo ya bluu kichwani kwa mtu, nilikuwa nasimama mpaka apite.

Kalibu nikalisingizia kwamba limepasuka, sikutengeneza boya lingine. Nilipomwoa Mboni watu walinisifu. Walisema Farouk ni mtu, hakumwacha mjane wa rafiki yake. Niliipokea sifa hiyo kila Idd pamoja na pilau. Mwanzoni sikujua nimemwoa kwa kumpenda au kwa kuogopa. Baadaye nilimpenda, hilo nalijua kwa hakika, lakini baadaye si mwanzo.

Kwa hiyo nataka kujua. Weka mlango mkiani, kama nilivyouweka mimi. Niambie kama lile sikio lingemshika mtu mzima kwenye mawimbi, au kama lilikuwa limeshaachana kabla halijafika ziwani. Huenda kweli ulikuwa mwamba. Miaka yote hii nimekuwa nikiulilia huo mwamba uwe wa kweli.

Ombi la mwisho. Mama yako ananiogesha, ananilisha kijiko kwa kijiko. Siwezi kumwandikia haya kwenye ubao halafu nikafungua mdomo nilishwe. Nikishaondoka, mwambie wewe.

Farouk


Dar es Salaam
24 Juni 2024

Babu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, na nisamehe kwa kutokuja Idd. Kazi zilikuwa nyingi hapa karakana, tulikuwa tunamalizia kalibu la vifuniko vya chupa.

Nina habari njema. Nimefanya hesabu zote mara kadhaa, na ninakutumia picha hapa ndani, nimeichapisha kubwa ili uione vizuri. Mshono upo, kama ulivyosema, kwa sababu palipo na tundu lazima uwepo. Lakini plastiki inakutana ikiwa bado ya moto. Imeshikana vizuri kabisa. Sikio lile lingeweza kumshika mtu, na wa pili juu yake. Uliongeza joto na lilitosha.

Kwa hiyo ulikuwa mwamba, Babu. Ulisema kweli siku ile bila kujua.

Rangi za kwenye picha usizihangaikie sana, ni mapambo tu ya programu. Pumzika sasa. Kula vizuri. Mama hana haja ya kuambiwa kitu.

Nusrat wako


Ilemela
2 Julai 2024

Mke wangu,

Macho yangu ni mabovu, lakini nyekundu bado naiona.

Picha yako Fadhila ameibandika ukutani, mkabala na kitanda. Amesema ni nzuri, akauliza ni ramani ya nini. Nikaandika kwenye ubao: samaki. Siku ya kwanza niliitazama nikalia kwa furaha, kwa sababu nilisoma barua kabla ya picha. Siku ya pili niliitazama picha peke yake. Nyekundu imeanzia kichwani. Mkia ni bluu. Plastiki haitembei kinyumenyume, isipokuwa kwenye kompyuta yako ukichoka na kazi.

Umeuhamisha mlango. Umeniambia uongo na ukaniletea na ushahidi, kama mtoto anayekana kwamba amekula sukari huku imemjaa mashavuni. Mwalimu wa hesabu angekuchapa.

Lakini usifikiri nimekasirika. Kuna jambo limenitokea na picha hii. Alasiri jua likishuka linaingia dirishani, linapita kwenye vichanga, halafu linaangukia ukutani pale ulipo samaki wako. Ukuta wote unakuwa bluu na samaki anakuwa kama anaogelea. Jana nililala nikaota ziwa limekuwa zito na la moto, jekundu kwa katikati, na Yassin anatembea juu yake bila haraka, akiuliza kama nimeshamaliza kuchonga. Nilikuwa na sauti kwenye ndoto. Nikamwambia bado jicho.

Nilipoamka nikamwita mama yako kwa kugonga ubao, nikamwomba miwani na kioo cha kukuzia. Nikatazama ulipouweka mlango. Umeuweka kwenye jicho. Kovu la mlango linaangukia kwenye jicho la samaki, na doa dogo la duara ndilo jicho lenyewe. Nilikaa na chuma kile miezi, nikakiona kila gamba, na sikuwahi kufikiri kwamba kovu lingeweza kuwa jicho. Nilidhani ni lazima nichague uzuri au nguvu. Palikuwa na mahali ambapo vilikuwa vimekaa pamoja, upana wa punje ya mtama, na sikupaona kwa sababu nilikuwa naogopa kumharibu.

Asante kwa uongo wako. Ni boya ambalo nilipaswa kumpa, na nimefurahi kuliona.

Sasa nipe langu.

Mumeo,
Farouk


Dar es Salaam
11 Julai 2024

Babu,

Shikamoo.

Sikujua kudanganya, umeona mwenyewe. Nilijaribu mlango kila mahali kwenye boya lile, nikitafuta mahali ambapo usingekuwa na hatia. Nilipoufikisha kwenye jicho, sikio likawaka njano na mshono ukashikana. Nikakaa nikilia mbele ya kompyuta mpaka mwenzangu Winnie akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia babu yangu, zamani. Sikujua nilikuwa namsema yupi.

Hili ndilo lako. Kwa mlango wa mkiani, plastiki inafika kwenye ncha ya sikio ikiwa bluu kabisa. Mikono miwili inagusana lakini haishikani. Sikio lile lisingefika hata nusu ya nguvu liliyotakiwa kuwa nayo. Kompyuta haijui mawe, Babu, haijui mawimbi wala uzito wa Yassin, na hakuna programu itakayokuambia kilichotokea majini. Mwamba unaweza kuwa wa kweli. Lakini umeniuliza kama lilikuwa limeachana kabla halijafika ziwani. Ndiyo. Lilikuwa limeachana.

Nilikasirika nawe. Sikuja Idd kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya vifuniko vya chupa. Nilimwangalia yule kijana kwenye picha niliyonayo kwenye simu, nikakuwaza wewe ukimpa zawadi mbele ya Bibi, nikashindwa kupanda basi. Halafu nikakukumbuka ukinifundisha kuendesha baiskeli kwenye ule mteremko wa mawe, unakimbia nyuma umeshika kiti, na kila nikigeuka bado umekishika. Vyote viwili ni wewe. Sijui nivifanyeje, kwa hiyo nimeviacha vilivyo.

Ombi lako silikubali. Sitamwambia Mama ukishaondoka. Nikimwambia mimi, atabaki na hasira na hatakuwa na mtu wa kumkasirikia, atakuwa na kaburi tu. Umeogopa kumharibu samaki, sasa unaogopa kumharibu binti yako. Mwandikie kwenye ubao, Babu. Kama atakataa kukulisha, nitakuja nikulishe mimi.

Kwenye mzigo huu kuna vipande viwili. Fundi wetu amenichongea kalibu dogo la alumini, kichwa na sikio tu, na mlango uko kwenye jicho. Kile kidogo ni kichanga cha kwanza kabisa: limetoka jicho peke yake, na ukingo wa plastiki kulizunguka. Kile kikubwa kimetimia. Pitisha kamba kwenye tundu, mpe Mama mwisho mmoja, mvute.

Bosi anataka tutengeneze boya zima kwa ajili ya wavuvi wa huko. Nimemwambia mchoro si wangu, lazima nimwombe mwenyewe.

Mkeo,
Nusrat


Ilemela
24 Julai 2024

Mke wangu Nusrat,

Mchoro ni wako. Mchongee samaki magamba vizuri.

Mkono leo ni mzito, utanisamehe mistari ikipanda mlima. Mzigo ulifika. Kichanga chako nimekiweka mwanzo wa safu dirishani, mbele ya vile vyangu, na sasa safu nzima inaonekana kama inatazamwa na jicho moja.

Niliandika kwenye ubao. Ilichukua asubuhi yote, kwa sababu ubao ni mdogo. Naandika, anasoma, anafuta mwenyewe kwa kitambaa, ananirudishia, naandika tena. Alikuwa ameniletea uji na ameuweka kwenye kiti. Alisoma kuhusu mlango, kuhusu mshono. Nilipofika kwenye mashine ya kusaga hakufuta. Aliuweka ubao kifuani kwangu, maneno yakiwa yamenitazama mimi, akatoka.

Kutoka kitandani namwona mtu anayeshuka kwenye mawe mpaka anapofika majini. Nilimwona akishuka. Alikaa pale kwenye mwamba bapa, ambako boya lilionekana, ingawa sijui kama anajua kwamba ni pale. Wadudu wa ziwani walikuwa wamesimama juu ya maji kama moshi wa kitu kinachowaka chini. Ziwa lilikuwa zito tena. Nililitazama likisogea na nikasema moyoni, sasa ndiyo limefika mwisho wa kalibu, sasa tutaona limeshika au halikushika. Sikusinzia. Kwa mara ya kwanza tangu nilazwe hapa, nilikuwa macho kabisa.

Dorotea wa jirani aliingia akanikuta na uji mbele yangu, akataka kunilisha. Nikakaza mdomo. Alidhani ni ukorofi wa ugonjwa.

Jua lilikuwa limeshafika ukutani aliposimama mlangoni. Miguu yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Alinitazama, akatazama ubao, akalitazama bakuli, akalichukua, akaingiza kidole ndani. Halafu mama yako akasema


Ilemela
6 Agosti 2024

Mwanangu Nusrat,

Salaam. Natumai umefika salama Dar na basi halikukusumbua njiani. Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Dorotea anakuja jioni, tunakaa naye.

Leo nimefua mashuka ya Babu yako, nikaona barua hii chini ya godoro, upande wa ukutani. Ni yako. Nimeisoma, unisamehe. Haikufika mwisho. Nafikiri alichoka akaiweka amalizie kesho, na kesho yake alfajiri ndiyo nilipomkuta.

Wakati wa msiba tulilia wote wawili, na nilikuona unanitazama unataka kuuliza, na mimi nikajifanya nina wageni. Mimi si mtu wa kuandika kama nyinyi. Lakini si vizuri barua ikae hivyo wakati mimi najua neno lililobaki.

Kule kwenye mwamba nilikuwa na hasira, mwanangu, na sitakudanganya kwamba nilipopanda ilikuwa imeisha. Nilipanda nayo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilikuwa nimepanga hata kumwita kwa jina lake, Farouk, nisimwite vile ninavyomwita. Nikafika mlangoni nikamwona amekaza mdomo kama mtoto, ananitazama, na ule uji uko pale pale nilipouacha tangu asubuhi, umeshika utando juu.

Sijui kama ndiko kusamehe huko. Mimi nilisema hivi tu:

"Baba, uji umepoa. Nikupashie?"

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikaupasha, akala wote.

Mama yako,
Fadhila Yassin